Una biti 140 na hakuna hata moja imeisha? Soma hii kabla hujauza laptopu

Saa nane usiku hiyo biti ilikuwa moto. Ulitingisha kichwa peke yako gizani, ukajiambia hii sasa ndiyo ile, ukalala ukiwa staa. Asubuhi ukaicheza kwa simu kabla hata ya kupiga mswaki, na kilichotoka pale kilisikika kama mtu anagonga sufuria ndani ya tangi la maji. Besi haipo. Kila kitu kinapiga kelele kwa wakati mmoja. Ukazima, ukaenda kazi bila kuongea na mtu.

Kama umeanza kutengeneza mziki kwa laptopu au kwa simu, unaijua hiyo asubuhi. Basi makala hii ni yako. Prodyuza mwenye tuzo ukutani haimhusu, na yule anayetafuta orodha ya plagini kumi za kununua atafute kwingine. Naongea na yule ambaye amekaa na hii kitu miezi sita, nane, mwaka mzima, na sasa ameanza kushuku kwamba pengine hana kipaji.

Kwenye ploti tunayoishi huku Pipeline kuna jirani yangu, ana miaka 22. Mchana anauza viatu vya mtumba Mutindwa, usiku anatengeneza biti. Ukuta wa keja zetu ni mwembamba hivi kwamba mimi ndiye shabiki wake wa kwanza, nipende nisipende. Mwezi Februari alibisha mlango akaniuliza kama namjua mtu anayetafuta laptopu. Ni ex-UK, aliinunua Luthuli kwa 19,000, pesa za chama.

"Kwani nini mbaya?" nikamuuliza.

"Buda, niko na miezi kumi kwa hii kitu na bado nasikika vile nilisikika mwezi wa kwanza. Mathe ananiuliza kila Jumapili hiyo kompyuta inaleta nini nyumbani. Sina jibu."

Tukaifungua. Folda yake ilikuwa na biti 140. Nikamwambia anichezee moja ambayo imeisha, yenye mwanzo na mwisho. Akatafuta. Akatafuta tena. Hakukuwa na hata moja. Zote zilikuwa lupu za kama sekunde 20, zimejazwa kila aina ya sauti, kisha zikaachwa.

Mimi si prodyuza wa kujitangaza. Niliacha chuo mwaka wa pili nikaingia kwa kuandika, na kwa miaka mitatu nimekaa kwenye studio nyingi za mtaani, nikihoji watu, nikinyamaza kwenye kona wakifanya kazi. Katika hizo studio nimeona kitu kimoja kikijirudia: anayesonga mbele na aliyekwama mara nyingi wana mashine ile ile, programu ile ile, na hata kipaji kinacholingana. Anayesonga anamaliza ngoma. Anamaliza nyingi, zikiwemo mbovu, halafu anazisikiliza kama mtu aliyetumwa na adui.

Mashine unayo tayari

Hapa nitapita haraka kwa sababu ndipo wasee hupenda kukaa muda mrefu zaidi.

Mwaka wa 2017 Kendrick Lamar alitoa albamu ya DAMN., na ndani yake kuna wimbo PRIDE. ambao Steve Lacy alianza kuutengeneza kwa iPhone, kwa kutumia GarageBand. Mwaka wa 2007 Soulja Boy, kijana ambaye hakuwa amefika hata miaka 18, alishika namba moja Marekani na wimbo aliotengeneza kwa FL Studio, ile iliyoanza ikiitwa FruityLoops. Hapa kwetu, Clemo na wenzake wa Calif Records waliijenga genge kule mtaa wa California, Eastleigh, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati kompyuta ya kawaida haikuwa na nguvu za simu unayosomea makala haya.

Kwa hivyo, BandLab ni ya bure na inafanya kazi kwa simu. LMMS ni ya bure kwa laptopu. FL Studio ina toleo la majaribio lenye sharti moja linalowaudhi watu: unaweza kufanya karibu kila kitu na hata kuhifadhi, lakini huwezi kuifungua tena ile kazi hadi ulipie. Wengi husikia hivyo wakakimbilia ile ya wizi kwa flashi ya msee fulani, inayokuja na virusi vyake. Mimi naona hilo sharti ni mwalimu mzuri. Kama huwezi kurudi kesho, itabidi umalize leo, uitoe kama faili ya sauti, uendelee na maisha.

Mambo mawili madogo ya vifaa na tuyaache. Hedifoni ziwe za waya. Zile za Bluetooth huchelewesha sauti kidogo, na ukijaribu kupiga midundo kwa kidole utajiona huna mdundo kumbe ni kifaa. Halafu hifadhi kazi kila baada ya dakika chache. Tokeni ikiisha katikati ya biti, stima haikuulizi umefika wapi.

Kutoka kwa lupu

Sasa tuingie kwenye shida yenyewe. Lupu ni tamu. Unaisikia mara 60, ubongo unaizoea, unaipenda, na kwa sababu unaipenda unaongeza kitu kingine juu yake. Baada ya saa mbili una vitu 20 vinavyolia pamoja na hakuna pa kwenda, maana umeshatumia kila kitu kwenye sekunde 20 za kwanza.

Hebu tufanye hesabu, ni ndogo tu. Chukua ngoma yenye kasi ya midundo 100 kwa dakika. Kila mdundo unachukua sekunde 0.6. Midundo minne hufanya kipimo kimoja, au baa kama wanavyoita wa studio, kwa hivyo kipimo ni sekunde 2.4. Vipimo vinane ni sekunde 19.2, ambayo ndiyo ile lupu yako. Ngoma ya kama dakika mbili na nusu ni vipimo 64. Maana yake ni kwamba ngoma nzima ni visanduku vinane vya vipimo vinane, na kimoja tayari unacho.

Nakili lupu yako mara nane hadi ijaze visanduku vyote. Sasa anza kufuta. Kisanduku cha kwanza bakisha kinanda na labda kitu kidogo kinachochakarisha. Cha pili na cha tatu ni vesi: rudisha midundo na besi, toa kinanda ili msanii apate mahali pa kuweka sauti yake. Cha nne ni kiitikio, acha kila kitu kiingie. Cha tano na cha sita ni vesi ya pili, inafanana na ya kwanza ila ongeza kitu kimoja kipya ili sikio lisilale. Cha saba kiitikio tena. Cha nane toa kitu kimoja kimoja mpaka kimya kibaki. Kabla ya kila kiitikio, zima midundo kwa nusu kipimo. Hiyo pumzi ndogo inafanya kiitikio kionekane kikubwa bila kuongeza sauti hata moja.

Ukikwama kwenye mpangilio, usibuni. Chukua ngoma unayoipenda, iweke ndani ya programu yako, hesabu vipimo, uandike kwenye karatasi kila kitu kinaingia wapi na kutoka wapi. Utashangaa jinsi ngoma kubwa zilivyo na vitu vichache. Fanya hivyo kwa ngoma tano na utakuwa umejifunza kupanga kuliko video 50 za YouTube. Na tukitaja YouTube: video za mafunzo ni nzuri, lakini ukitazama moja, itumie usiku huo huo kwenye biti yako kabla ya kufungua nyingine. Kuna watu wanajua majina ya kompresa zote duniani na hawajawahi kumaliza ngoma.

Jirani tulimwekea mtihani. Biti 30 kwa siku 30. Kila moja saa moja kwa alamu ya simu. Alamu ikilia, anaitoa kama faili, anaipa tarehe, na haruhusiwi kuirudia. Vilevile alichagua sauti 12 tu: kiki mbili, sneya mbili, besi mbili, vinanda vitatu, na vitu vitatu vya kuchakarisha. Basi. Hakuna kutafuta nyingine mwezi mzima.

Wiki ya kwanza zilikuwa mbaya, na nasema hivyo nikiwa nilizisikia zote kupitia ukuta. Biti ya nne iliisha dakika ya 58 na haikuwa na kiitikio. Ya saba alikasirika akalala mapema. Lakini karibu na ya 12 kuna kitu kilibadilika. Hakuwa anapoteza dakika 40 kutafuta kiki. Alikuwa anajua kiki yake ya pili ni nzito na ya kwanza ni kavu, anachagua, anasonga. Mkono ulikuwa umeanza kujua njia.

Visanduku 16

Kama hujui pa kuanzia midundo, fungua programu yako sasa hivi, hata ya simu, utafute ile sehemu yenye visanduku 16 vilivyopangwa mstari mmoja. Kasi weka kati ya 95 na 100. Kiki, siyo ile ya mitandaoni, weka kwenye 1, 5, 9 na 13. Sneya weka kwenye 4, 7, 12 na 15. Cheza.

Umeisikia? Hiyo ni dembow. Ilitoka Jamaika, ikapitia Panama na Puerto Rico ikawa reggaeton, na ndiyo imelala chini ya ngoma nyingi za gengetone, ule mtindo uliolipuka baada ya Ethic kutoa Lamba Lolo mwaka wa 2018. Umeitengeneza kwa kubonyeza mara nane.

Sasa ifanye iwe yako. Sneya ya 7 na ya 15 zipunguze nguvu kidogo. Ile ya 12 isogeze nyuma kiasi kidogo sana, ichelewe kama mtu anayetembea akiwa ameshiba. Programu nyingi hunyoosha kila pigo liwe sawa kabisa na lenye nguvu moja, na hiyo ndiyo sababu biti za wanaoanza husikika kama mashine ya kushona. Mpiga ngoma wa kweli mkono wake hupanda na kushuka.

Halafu kuna midundo yetu isiyoingia kwenye 16. Ukitaka kuchezea chakacha ya Mombasa, utagonga ukuta, kwa sababu inahesabiwa kwa sita wala si kwa nne. Badilisha visanduku viwe 12. Hili wengi huligundua baada ya kulazimisha wiki nzima, wakidhani ni masikio yao yana kasoro.

Kusikiliza ndiyo nusu ya kazi

Chukua benga yoyote ya D.O. Misiani na Shirati Jazz, ile ambayo babu alikuwa anaiweka kwa redio. Isikilize mara tatu. Mara ya kwanza fuata besi tu, kuanzia mwanzo hadi mwisho, usiruhusu sikio lihamie kwingine. Utagundua besi ya benga haijakaa nyuma kama mlinzi, inatembea na kuongea. Mara ya pili fuata gitaa moja. Mara ya tatu fuata gitaa la pili, uone vile linajibu la kwanza na kumpisha mwimbaji anapoingia. Hao watu hawakuwa na plagini za kusafisha sauti. Walipishana.

Baada ya hapo jaribu kuiga ile besi kwa kibodi yako, nota kwa nota. Itakuchukua jioni nzima. Kama hujawahi kusoma nota, anza na funguo nyeupe tu za kinanda kutoka A hadi A nyingine. Hizo zinakubaliana zenyewe na zina ile huzuni ndogo inayofaa mziki wa mtaani. Kuiga nyumbani ili ujifunze hakuna shida. Kuachia ulichoiga kama chako ndiyo kesi nyingine, tutafika huko.

Na kuna kitu hakuna mtu hukuambia kuhusu masikio: yanakua haraka kuliko mikono. Mwezi wa kwanza ulidhani biti zako ni kali kwa sababu ulikuwa husikii makosa. Mwezi wa kumi unasikia kila kosa, na mikono bado haiwezi kuyarekebisha yote. Kwa hivyo unajisikia umerudi nyuma. Jirani aliponiambia anasikika vile alisikika mwezi wa kwanza, nilimchezea biti yake ya kwanza kabisa. Alicheka hadi akakaa chini. Hakuwa amewahi kurudi kuisikiliza.

Kwa nini besi hupotea kwa simu

Turudi kwa ile asubuhi ya tangi la maji, kwa sababu ina maelezo ya kisayansi na inaweza kurekebishwa.

Sikio la binadamu husikia kuanzia karibu mitetemo 20 kwa sekunde hadi 20,000. Ile besi nzito unayoipenda hukaa chini kabisa. Uzi mnene wa gitaa la besi, kwa mfano, hutetema mara 41 hivi kwa sekunde. Spika ya simu ni ndogo kama kucha, haiwezi kusukuma hewa kwa kiasi hicho. Besi yako ipo, lakini simu haina mwili wa kuitoa. Dawa ni kuichafua kidogo. Tafuta kile kifaa cha kuongeza ukwaruzo, kinaitwa satureshoni au distoshoni, kiweke kwa besi kiasi kidogo tu. Kinaongeza mitetemo ya juu inayofuata ile ya chini, na sikio likisikia ya juu linajijazia ya chini lenyewe.

Nganya ni kinyume chake. Kule kuna wufa zinazotingisha madirisha, na besi iliyozidi itameza sauti ya msanii mzima mzima. Biti yako ipitie kote kuwili: simu, na wufa ya mtu yeyote atakayekukubalia. Ukimjua dereva wa mathree mwenye roho safi, umpelekee flashi wakati gari limesimama likingoja abiria.

Kisha kuna vita vya kiki na besi. Zote zinaishi chini, zote zinataka chumba kimoja. Amua nani analala chini zaidi. Kama kiki ni nzito, besi ipande kidogo. Kama besi ndiyo mfalme, tumia kiki fupi na kavu. Halafu ifanye besi iiname kila kiki inapopiga, programu karibu zote zina njia ya kufanya hivyo. Vitu vingine vyote, vinanda, sauti za kuchakarisha, hata sauti ya mtu, vikate chini kwa ikwaliza, karibu 100 kwa vingi. Hutasikia tofauti ukivisikiliza kimoja kimoja. Utaisikia vikicheza pamoja.

Na punguza sauti. Mwaka wa 1933 watafiti wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walionyesha kwamba sikio halisikii sauti zote kwa usawa: kitu kikiwa chini, besi hufifia, na kikipandishwa, besi inajaa. Ndiyo maana saa nane usiku, hedifoni zikiwa juu kabisa, kila kitu kilikuwa moto. Changanya sauti kwa kiwango ambacho mtu akikuongelesha pembeni unamsikia. Ikipendeza hapo, itapendeza popote. Wenye ukuta mwembamba pia watashukuru.

Ukilinganisha biti yako na ngoma ya watu wakubwa, ishushe hiyo ngoma kwanza hadi zilingane kwa sauti. Ya kwao imeshapandishwa na mtaalamu, na kitu chenye sauti kubwa siku zote husikika bora. Wala usiminye yako hadi ilie ili uifikie: Spotify hushusha ngoma zote hadi karibu kiwango kimoja, LUFS 14 chini ya sifuri, kwa hivyo ile uliyominya itashushwa na kubaki na uchovu wake tu.

Viatu, matatu na masikio ya wengine

Biti ya 19 ya jirani ilikuwa na sneya ambayo sikuwahi kuisikia mahali. Nikabisha. Akacheka, akanionyesha simu. Alikuwa amerekodi soli mbili za viatu zikigongwa pale kibandani Mutindwa, kitu anachofanya kila siku kuondoa vumbi. Akaikata, akaishusha kidogo, akaiwekea mwangwi mfupi. Ilikuwa kali. Na tofauti na zile sauti za bure ambazo kila mtu duniani amepakua, hakuna mwingine anayo.

Nairobi ina kelele za bure kila kona. Konda akipiga bodi ya gari mara mbili, jiko likikwaruza sakafu, mvua kwa mabati. KMRU, yaani Joseph Kamaru, mjukuu wa yule mwanamuziki Joseph Kamaru mnayemjua kwa nyimbo za Kikuyu, amejijengea jina dunia nzima kwa kurekodi sauti za mazingira na kuzifanya mziki; albamu yake Peel ilitolewa 2020 na Editions Mego. Si mziki wa klabu, lakini sikiliza uone mtu anaweza kufika wapi na kinasa sauti. Kama huwezi kurekodi, Freesound ina maktaba kubwa ya sauti za bure, ila soma masharti ya kila sauti kabla ya kuitumia.

Kisha wape watu wengine wasikilize, lakini uchague. Mathe atasema ni nzuri au atasema uzime. Rafiki yako wa karibu atasema kali, bro. Hizo hazikusaidii. Mpe mtu anayetengeneza mziki pia, umwulize swali moja dogo: ulichoka wapi? Atakuambia sekunde ya 50, na utakuwa na kazi ya kufanya. Hapa Nairobi, Santuri East Africa wamekuwa wakiendesha mafunzo ya utengenezaji mziki, na faida kubwa ya sehemu kama hizo naona ni wale watu wa kukaa nao chumba kimoja. Kama huko ni mbali, tafuta wawili watatu mtaani, mkutane Jumapili, kila mmoja aje na ngoma moja iliyoisha. Ambaye hajamaliza hachezi yake.

Asubuhi baada ya kumaliza, isikilize ukitembea kwenda kazi. Usifungue laptopu. Andika kwa simu mambo matatu tu yanayokuuma. Ukiwa na orodha ya 15 utakata tamaa. Matatu unaweza kuyabeba hadi kwa biti inayofuata.

Kabla hujatuma faili

Biti ya 26 ilisikiwa na msanii mmoja wa Kariobangi ambaye huja kununua viatu pale kibandani. Akaitaka. Jirani alikuwa tayari kumpa bure, kwa furaha tu. Hapo nilimzuia, kwa sababu nimeandika hadithi nyingi za maprodyuza wanaosikia kazi yao kwa matatu na hawana hata jina kwenye maelezo ya video.

Mambo ya kukubaliana ni machache. Msanii ananunua biti iwe yake peke yake, au anapewa ruhusa ya kuitumia huku wewe ukiweza kuwauzia wengine? Ngoma ikianza kuingiza pesa, wewe unapata asilimia ngapi? Jina lako litaandikwaje na wapi? Ndani ya biti kuna sampo ya mtu mwingine? Swali hilo la mwisho ni zito siku hizi, maana arbantone, iliyoshika kasi 2023, imejengwa sana juu ya ngoma za zamani za hapa kwetu, na wenye hizo ngoma wako hai na wana mawakili. Kama umekata kipande cha wimbo wa mtu, tafuta ruhusa au ukitoe. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ina mfumo wa kusajili kazi yako mtandaoni, na ngoma ambayo unaitarajia ifike mbali ni vizuri kuisajili kabla haijatoka.

Jirani aliandika yote hayo kwa ujumbe mmoja wa WhatsApp: shilingi 1,500 sasa, nusu kwa nusu kwa mapato ya baadaye, jina lake kwenye kila mahali ngoma itakapopakiwa, na sneya ya viatu inabaki yake. Msanii alibishana juu ya nusu kwa nusu siku mbili. Wakashukia asilimia 40. M-Pesa iliingia Jumatano saa tatu usiku, na faili ikatumwa saa tatu na dakika tano.